Boksi la Tende Lililofika Mahakamani

Mdogo wangu alipiga simu Ijumaa moja jioni, siku yangu ya mapumziko, nikiwa nimekaa kitandani kwenye nyumba ya wafanyakazi Al Qusais nashona kifungo cha sare. Huwa anapiga Jumapili. Nilipoona namba yake nikajua kuna jambo.

"Dada," alisema, "nimemgonga mtu."

Nilimuuliza kama mtu huyo yuko hai. Akasema yuko hai, amepelekwa hospitali, ni mama mzee, alikuwa anavuka barabara kwa miguu. Kisha akasema, "Jua lilinipiga machoni, Dada. Sikumwona. Sikumwona kabisa." Halafu akalia. Nikamwacha alie mpaka alipomaliza, maana sikuwa na kitu kingine cha kumfanyia nikiwa Dubai na yeye akiwa Ohio. Kule ilikuwa asubuhi. Alikuwa anatoka kazini, kwenye nyumba ya kutunza wazee alikofanya zamu ya usiku.

Sisi tumezaliwa watatu, mimi wa kwanza. Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili, mama nikiwa na kumi na sita. Nilikuwa kidato cha pili. Baada ya arobaini ya mama, shangazi alisema angemchukua mdogo wetu wa mwisho, yule wa kike, na mjomba angemchukua wa kiume. Nikawaambia hakuna anayechukuliwa. Walinicheka, lakini hawakubishana nami sana, kwa sababu na wao walikuwa na watoto wao. Niliacha shule, nikapata kazi ya kufua mashuka kwenye gesti ya kando ya barabara kuu, Korogwe. Ufundi wa mashuka ndio ulionifikisha Dubai miaka ya baadaye, kwenye hoteli moja Al Mankhool, chumba cha kufulia cha chini ya ardhi ambako saa zote kuna mvuke na hakuna dirisha. Mdogo wangu wa kike aliolewa nyumbani. Wa kiume alipata ile bahati nasibu ya visa ya Marekani, akaenda Ohio, akafanya kazi ya kuogesha wazee usiku na kusomea uuguzi mchana. Siku ile alipogonga mtu alikuwa amebakiza mwaka mmoja awe muuguzi kamili.

Wiki mbili baadaye alinipigia tena. Sauti ilikuwa imetulia, lakini ilikuwa ya mtu anayesoma.

"Kesi zitakuwa mbili," alisema.

"Mbili? Kwani umegonga watu wawili?"

"Mtu mmoja, Dada. Kesi mbili. Moja ya jinai, hiyo ni jimbo la Ohio dhidi yangu. Nyingine ya madai, hiyo ni ya yule mama mwenyewe dhidi yangu."

"Jimbo zima?"

"Ndivyo inavyoandikwa."

"Na kwenye hiyo ya jimbo, yule mama yuko wapi?"

"Ni shahidi tu."

Jambo hilo lilinikaa kichwani siku nyingi. Mtu amevunjwa nyonga, mfupa wake mwenyewe, halafu anaambiwa kesi si yake, yeye ni shahidi. Kesi yake ni ile ya pili, ambayo haina jela. Mdogo wangu alinieleza taratibu, kama mwalimu. Kwenye jinai, mwendesha mashtaka lazima athibitishe mpaka watu kumi na wawili walioitwa kuamua kesi wasibaki na shaka ya maana. Kwenye madai inatosha mizani ielemee upande mmoja kidogo tu. Ile ya madai ina kampuni ya bima nyuma yake. Ile ya jinai haina mtu nyuma yake. Walimshtaki kwa kujeruhi mtu kwa kuendesha gari bila kujali maisha ya watu, na akitiwa hatiani anaweza kufungwa, bodi ya wauguzi haitampa leseni, na baada ya hapo watu wa uhamiaji wanaweza kumrudisha Tanzania.

Yeye alikuwa amewaambia polisi kwamba taa yake ilikuwa ya kijani. Yule mama, mwalimu mstaafu, alikuwa amesema alama ya waenda kwa miguu ilikuwa inamruhusu kuvuka. Ndipo kesi ilipokuwa imekwama.

Nilimwambia anitumie karatasi nizione kwa macho yangu. Akazituma kwa barua pepe, nikazichapisha kwenye duka moja la intaneti karibu na kituo cha basi. Zilikuwa kurasa tano za Kiingereza kigumu. Ukurasa wa kwanza niliusoma wote. Ulikuwa na jina la mdogo wangu, jina la yule mama na mahali anapoishi. Ukurasa wa pili niliusoma nusu. Wa tatu sikuufikia, na ningeufikia, maisha yetu mwaka ule yangekwenda tofauti.

*

Mkuu wa chumba chetu cha mashuka alikuwa mama wa Unguja, mtu mzima, mtoto wa familia zilizohamia Ghuba zamani. Sote tulimwita Bi Mkubwa, hata Wafilipino. Yeye alikagua kila shuka kwa kulishika pembe mbili na kulipiga hewani mara moja. Siku niliyomweleza habari za mdogo wangu hakuacha kukagua.

"Sasa mmeshakwenda kwa huyo bibi?" aliniuliza.

"Nani aende, Bi Mkubwa? Mimi niko hapa."

"Ati nani? Si wewe ndiye mkubwa wao? Mtu kavunjwa nyonga, wiki ya tatu hii, hajasikia hata pole ya nyumbani kwenu! Hata angekuwa malaika angekasirika." Akakunja shuka. "Hapa Dubai mimi nimeona kwa macho yangu. Dereva wa jirani yetu alimgonga Mpakistani. Arbab wake, yule tajiri wake, akenda hospitali na wazee watatu, wakakaa, wakaomba radhi. Mgonjwa akasamehe, akatia saini karatasi, kadhi akaiangalia, adhabu ikapungua. Khalas."

Hakuwa ananiambia jambo geni. Kwetu, kijana wa nyumba akimuumiza mtu, wakubwa wake wanakwenda kabla jua halijazama. Hawaendi kubishana. Wanakaa chini, wanasema, "Tumekosa." Wanasema hivyo hata kama hawajui bado nani mwenye kosa. Mabishano yana siku yake, tena mara nyingi yanafanywa na watu wengine. Siku ya kwanza ni ya kukiri kwamba mtu wenu amesababisha maumivu, na kupeleka chochote mkononi.

Nilikuwa nimeshawahi kufanya hivyo mimi mwenyewe. Miezi michache baada ya mama kufariki, jirani yetu alipasuliwa paji la uso kwa jiwe, na watoto wakasema aliyerusha ni mdogo wangu. Alikuwa na miaka tisa. Sikumuuliza. Nilinunua kilo ya sukari kwa mkopo, nikafunga kitenge cha mama kiunoni nionekane mtu mzima, nikaenda, nikakaa kwenye mkeka, nikasema, "Mama, tumekosa." Yule jirani alinitazama muda mrefu, kisha akanikaribisha chai. Tangu siku ile watu wa mtaa waliacha kuuliza nani mkubwa wa nyumba yetu. Wiki mbili baadaye ilijulikana aliyerusha jiwe ni mtoto wa nyumba nyingine. Mdogo wangu alininunia. "Ulisema nimekosa, na mimi sikukosa," alilia. Nikamwambia atanyamaza akikua.

Basi niliamua kuandika barua. Kiingereza changu cha kuongea na wageni wa hoteli kilitosha, cha kuandika hakikutosha. Nilimwomba askari wa mlango wa nyuma, Mkenya mmoja wa Nakuru aliyekuwa na hati nzuri ya mkono. Mimi nilimwita Afande, yeye aliniita Sista.

"Sista, unaandikia nani, mchumba?"

"Andika, Afande. Mchumba gani ana miaka sabini?"

"Hao ndio wako na mali!"

Nilimtajia kwa Kiswahili, yeye akaandika kwa Kiingereza, kisha akanisomea sentensi moja moja. Kila iliyokuwa si yangu nilimwambia afute. Barua ilisema mimi ni dada mkubwa wa kijana aliyemgonga, kwamba wazazi wetu walishafariki na kwa hiyo mimi ndiye ninayesimama mahali pao. Ilisema mdogo wangu amekosa na sisi sote tumekosa, tunamwomba mama radhi, tunamwomba amsamehe kijana huyu kwa sababu hakulelewa kuumiza watu. Nilitia saini. Afande alisita kidogo kwenye neno la kukosa.

"Una uhakika hapo?"

"Kwani ninyi kwenu mnasemaje mkienda kuomba radhi?"

Akafikiri. "Hata sisi tunasema hivyo tu," akakubali, akaendelea kuandika.

Nilinunua boksi la tende nzuri, zile zilizopangwa kwa safu na karatasi kati yake, na kitenge kimoja kizito. Nikafunga vyote pamoja na barua na kuvipeleka posta. Mdogo wangu sikumwambia. Hilo nalo ni la desturi. Anayeombewa radhi haendi na msafara, na haulizwi kama anataka.

*

Boksi lilifika baada ya siku kumi na mbili. Najua hivyo kwa sababu tarehe iliandikwa mahakamani. Wiki moja baadaye mdogo wangu alipiga simu ya chumba cha mashuka, namba ambayo nilimpa kwa ajili ya msiba tu. Bi Mkubwa ndiye aliyepokea, akanikabidhi.

"Dada, umefanya nini?"

Nilimwambia nimefanya linalopaswa.

"Ukurasa wa tatu, Dada! Hukusoma ukurasa wa tatu?"

Kwenye ukurasa wa tatu kulikuwa na masharti ya dhamana yake. La kwanza, asitoke Ohio. La pili, asiwasiliane na yule mama kwa njia yoyote, yeye mwenyewe wala kupitia mtu mwingine. Yule mama alipofungua boksi alimpigia wakili wake, wakili wake akampigia mwendesha mashtaka, na mwendesha mashtaka akaandika kwa jaji kwamba mshtakiwa amemtumia ndugu yake aliye ng'ambo kumshawishi shahidi kwa zawadi. Aliomba dhamana ifutwe. Barua yangu ikapewa namba ya kielelezo. Boksi nalo likapewa namba.

"Tende?" nilimuuliza.

"Tende, kitenge, kila kitu. Na umeandika kwamba nimekosa. Umeandika, Dada! Watu wa kesi ya madai nao wamepewa nakala."

Mashine ya kunyoosha mashuka ilikuwa inaendelea nyuma yangu na wenzangu walikuwa wananitazama. Niliuliza nini kinafuata. Akasema jaji atakaa kusikiliza suala la dhamana baada ya siku tisa. Wakili wake, mwanamke aliyewekwa na mahakama bila malipo, alikuwa ameomba mimi nitoe ushahidi kwa simu kwamba yeye hakunituma. Jaji amekubali, ila lazima nile kiapo, na mtu wa ofisi athibitishe pasipoti yangu.

Pasipoti yangu ilikuwa kwenye kabati la ofisi, kama za wenzangu wote. Nilikwenda kwa madam wa utumishi, mama wa Kihindi, nikamweleza mambo yote tangu mwanzo. Alinisikiliza kalamu ikiwa mdomoni. Akauliza swali moja tu: hiyo mahakama ni ya hapa au ya nje? Nilipomwambia ni ya Ohio alishusha pumzi, akasema siku hiyo nitatumia simu ya ofisi yake na yeye atakaa hapo na pasipoti.

Siku mbili kabla ya kikao mdogo wangu alipiga tena. Alizunguka sana. Aliuliza kazi, akauliza afya, akauliza joto la Dubai kama vile halijui.

"Sema ulichopigia," nikamwambia.

"Nimefikiri tu mwenyewe, wakili hajui. Yule Mkenya si ndiye aliyeandika? Basi useme wewe ulitaka kutoa pole tu. Hayo ya kukosa aliyaongeza yeye. Useme Kiingereza hukukielewa."

"Nilikielewa. Alinisomea sentensi moja moja."

"Dada, mimi naweza kufungwa."

"Najua."

"Umenisomesha wewe. Umefua mashuka miaka yote hiyo ili niwe muuguzi, halafu nifungwe kwa ajili ya sentensi moja?"

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu siku zote saba zilizopita. Nilimwambia nitafikiri. Kesho yake nilimwambia Afande, nikidhani atakasirika. Aliinua mabega.

"Niweke tu, Sista. Ohio watanikamatia wapi, hapa kwa geti ya nyuma? Sema mimi ndiye sijui Kizungu vizuri."

Alikuwa anamaanisha. Lakini nilimwangalia pale mlangoni na sare yake iliyopigwa pasi na mikono yangu mwenyewe, nikaona siwezi. Jina lake halikuwa langu la kutumia.

*

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni kwetu, asubuhi kwao. Madam aliifungua pasipoti yangu juu ya meza, akasoma namba yake kwenye simu, akaeleza kwamba aliyekaa mbele yake ni mimi. Mkalimani alikuwa mwanamume, Mkongo kwa lafudhi yake, naye alikuwa kwenye simu akiwa jimbo jingine kabisa. Kwa hiyo tulikuwa watu wa mahali patatu tukizungumza kama tuko chumba kimoja. Niliapa. Mkono nilioinua hakuna aliyeuona isipokuwa madam, lakini niliuinua.

Wakili wa mdogo wangu ndiye aliyeanza. Aliniuliza nani alinituma kuandika barua. Nikasema hakuna. Je, mdogo wako alijua? Hakujua. Ulijua kuna amri ya kutowasiliana? Sikujua, iko ukurasa wa tatu na mimi niliishia wa pili. Nikasikia mtu akicheka kidogo kule mahakamani. Tende zilikuwa za nini? Nikasema kwetu huendi kuomba radhi mikono mitupu, na wala si bei ya kitu. Angenirudishia ningezipokea.

Kisha akaja mwendesha mashtaka. Sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyotegemea.

"Mama," mkalimani alitafsiri, "hapa umeandika ndugu yako amekosa. Maneno haya ni yako, ama ya mtu aliyekusaidia kuandika?"

Madam hakujua Kiswahili lakini alikuwa ameacha kuandika.

"Ni yangu," nikasema. "Yote."

"Nani alikuambia amekosa?"

"Hakuna."

"Basi ulijuaje?"

"Sikujua. Mimi ndiye mkubwa wao. Mkubwa ndiye anayekwenda kusema tumekosa. Hangojei kujua."

Mkalimani alichukua muda na hilo. Aliongea Kiingereza kirefu kuliko Kiswahili changu, na nadhani alikuwa anawaeleza desturi yetu. Jaji aliuliza kitu, mkalimani akamjibu mwenyewe, na jaji akamwambia atafsiri tu asieleze.

Nilidhani yamekwisha. Mwendesha mashtaka akauliza tena: "Siku ya ajali ndugu yako alikupigia. Alikuambia nini kilitokea?"

Wakili wa mdogo wangu alisema kitu kwa haraka, na jaji naye akasema kitu, kisha mkalimani akaniambia, "Jaji anasema ujibu."

Nakumbuka ile meza vizuri. Ilikuwa na kikombe chenye kalamu, kalenda ya benki na pasipoti yangu iliyofunguliwa, picha ikiniangalia. Nilijua mdogo wangu amekaa kule anasikiliza. Ningeweza kusema sikumbuki. Ni Kiswahili chepesi, neno moja.

"Alisema jua lilimpiga machoni," nikasema. "Alisema hakumwona. Alisema mara mbili."

"Alisema chochote juu ya taa?"

"Hapana. Taa hakuitaja."

Mkalimani akamaliza kutafsiri. Kisha jaji akanishukuru kwa Kiingereza ambacho sikuhitaji kutafsiriwa. Madam alifunga pasipoti, akairudisha kabatini, akaniuliza kama nataka maji.

*

Dhamana haikufutwa. Jaji alisema ameridhika kwamba mshtakiwa hakunituma, na akamwonya mdogo wangu awafungie ndugu zake kalamu. Hayo nilielezwa na wakili wake kwa barua pepe, si na yeye. Yeye hakunipigia Jumapili ile, wala iliyofuata.

Miezi mitatu baadaye wakili aliniandikia tena, na barua hiyo niliisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Alisema kwamba yale niliyoyasema kwa simu yamefanya kazi mbili zilizopingana. Kwenye kesi ya jinai, mtu aliyepigwa na jua na hakuona si mtu asiyejali maisha ya wengine. Ni mtu aliyezembea. Kwa hiyo mwendesha mashtaka alikubali kuondoa shtaka kubwa, na mdogo wangu akakiri kosa dogo. Hakupelekwa jela. Aliwekwa chini ya uangalizi mwaka mmoja, na bodi ya wauguzi ilisema itamsikiliza. Lakini kwenye kesi ya madai maneno hayo hayo yalimmaliza. Mtu ambaye hakuona hawezi kusema aliona taa ya kijani. Bima yake iliacha kubishana, ikamalizana na yule mama nje ya mahakama, na kwenye kumbukumbu za jimbo la Ohio ikaandikwa kwamba madai yamekwisha kwa upande wake kukubali kulipa.

Nilimsomea Bi Mkubwa barua hiyo tukiwa tunakunja foronya.

"Kwa hiyo kashinda au kashindwa?"

"Vyote viwili."

"Ajabu ya watu hao," akasema. "Na yeye, kashakupigia?"

"Bado."

"Atapiga. Kununa nako kunachosha."

Alipiga mwezi wa tano wa kimya chake. Jumapili, kama zamani. Hakuanza na kesi. Alisema uangalizi unakwenda vizuri, amerudi darasani, baridi imepungua. Mimi nikamwambia nguzo za treni ya juu wanayoijenga zimefika karibu na kwetu Al Qusais na vumbi limezidi.

"Mahakama wamenirudishia vielelezo," alisema. "Yule mama hakuvitaka, wakaniita nikachukue. Boksi lina karatasi ya namba hapa juu."

"Tende zitakuwa zimeharibika."

"Hazijaharibika. Nimekula."

"Umekula ushahidi?"

"Zote. Nilikuwa na njaa na nilikuwa na hasira na wewe." Nikamsikia anacheka kwa pua, kama alivyofanya alipokuwa mdogo. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Dada, taa sikuiona. Sikujua kama ilikuwa ya kijani. Nilimwambia polisi ya kijani kwa sababu aliniuliza ilikuwa ya rangi gani."

Nikamwambia nimesikia.

"Amri ya kutowasiliana imeisha Jumatano," akaendelea. "Nilimuuliza wakili mara mbili, na karatasi nimesoma kurasa zote. Kwa hiyo jana nilikwenda. Nimenunua tende nyingine, hazifanani na zako lakini ni tende. Kitenge ni kile kile, nimetoa ile namba."

"Walikupokea?"

"Alifungua binti yake. Hakunikaribisha ndani. Nilimwona mama kwa nyuma, kwenye kiti, ana fimbo ya kutembelea. Nikasema pale pale mlangoni."

"Ulisema nini?"

"Nimekosa."

Kule kwake nilisikia gari linapita.

"Binti akachukua boksi," alisema. "Akasema atampa. Akafunga mlango."

"Basi walipokea," nikamwambia.

"Wamepokea?"

"Hawajarudisha, si ndiyo? Basi wamepokea." Nikamuuliza kama ameshakula, akasema bado, nikamwambia akale, tutaongea Jumapili.